Uvimbe wa umio unaanzia wapi na unaishia wapi? Jibu kwa msomaji wa Arua

Swali: Daktari, salamu kutoka Arua, Uganda. Baba yetu ana miaka 61, na kwa miezi 3 sasa hamezi kitu kizito kuliko uji. Endoskopi ilisema uvimbe unaanza sentimita 27 kutoka kwenye meno na kwamba mpira wa kamera haukuweza kupita. Eksirei ya kunywa bariamu ilionyesha sehemu iliyobanwa yenye urefu wa sentimita 7. CT skani ikasema ukuta wa umio, ile njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, umenenepa kwa urefu wa sentimita 10, na kuna tezi karibu yake. Nyama iliyokatwa ilithibitisha saratani ya seli bapa. Sasa tumeambiwa aje Kampala apigwe CT nyingine ya kupangia mionzi. Kaka yangu anasema huku kote ni kubahatisha, tuuze ng'ombe tumpeleke Nairobi akapigwe PET, ile picha inayoonyesha saratani kwa kung'aa. Tuamini kipimo kipi? Ni nani anayeamua mpaka wa uvimbe? Na je, twende Nairobi?

Jibu: Ndugu yangu, vipimo vitatu vya mzee vimetoa majibu tofauti kwa sababu kila kimoja kiliulizwa swali lake, na kwa maelezo uliyonipa sioni hata kimoja kilichokosea. Daktari wa tiba ya mionzi hashiki kimoja akatupa vingine. Huviweka vyote mbele yake, akavisoma pamoja, kisha akachora kwa mkono wake kwenye kompyuta mstari unaouzunguka uvimbe. Mstari huo ndio utakaoiongoza mashine siku zote za tiba. Nakujibu kwa urefu kwa sababu umegusa hatua ambayo familia za wagonjwa huelezwa kwa uchache kuliko zote, ilhali kosa linalofanyika hapo halifutiki baadaye kwa kuongeza dozi wala kwa kuongeza dawa.

Tuanze na ile sentimita 27. Daktari wa endoskopi hupimia kutoka meno ya mbele ya juu kwa sababu hapo ni mahali pasipohama. Kwa mtu mzima wa kimo cha kawaida, umio huanza kwenye sentimita 15 hivi kutoka kwenye meno, hupita nyuma ya mahali bomba la hewa linapogawanyika kuelekea mapafu mawili kwenye sentimita 25 hivi, na huingia tumboni karibu na sentimita 40. Kwa hiyo uvimbe wa mzee unaanza chini kidogo ya mgawanyiko wa bomba la hewa, katikati ya kifua, mahali ambapo umio limeegemea mgongo na moyo uko mbele yake. Uzuri wa endoskopi ni kwamba jicho la daktari linauona utando wa ndani wenyewe, rangi yake na vidonda vyake, hata kile kidonda kidogo kilichokaa peke yake juu ya uvimbe mkubwa, ambacho picha nyingine zote zingekipita bila kukiona. Ncha ya juu ya uvimbe nitaichukua kwa endoskopi kabla ya kuichukua kwa kipimo kingine chochote. Lakini kwa mzee mpira haukupita, na maana yake ni kwamba ncha ya chini haijaonwa na mtu. Katika ripoti hiyo tuna mwanzo, hatuna mwisho.

Hapo ndipo bariamu inapotufaa. Wako wanaoiona kama kipimo cha zamani, nami naendelea kuiomba, kwa sababu kile kimiminika cheupe hupenya hata mahali ambapo kamera imekwama, kikatuonyesha njia ilivyobanwa, kingo zake zilivyochongoka, na pale chini njia inapopanuka tena. Sentimita 7 alizopewa mzee ni urefu wa njia iliyobanwa. Saratani inayotambaa chini ya utando bila kuibana njia haihesabiwi humo, kwa hiyo 7 ichukuliwe kuwa kiasi cha chini.

CT nayo haioni utando. Inaona unene wa ukuta. Umio lenye afya, likiwa limefunguka, ukuta wake hauzidi milimita 3 hivi. Ukizidi 5 tunautilia shaka. Tatizo ni kwamba ukuta hunenepa kwa sababu nyingi. Juu ya mahali palipoziba, chakula na mate hukaa siku nyingi, utando ukachubuka na kuvimba. Umio likijikunja wakati wa kupigwa picha, ukuta huonekana mnene bila kuwa na ugonjwa. Na CT haiwezi kuzitenganisha tabaka za ukuta ili ituambie saratani imefika tabaka ipi. Sentimita 10 za mzee huenda zimebeba uvimbe wa kweli pamoja na uvimbe wa kuchubuka tu. Hata hivyo sizipuuzi, kwa sababu huenda zimebeba pia ile sehemu inayotambaa chini ya utando ambayo bariamu haikuiona. Kipimo kinachozitenganisha tabaka vizuri kuliko vyote ni endoskopi yenye altrasaundi kwenye ncha yake, ila mpira wake hukwama kama ule wa kawaida pale njia inapobanwa. MRI, yaani picha ya mashine ya sumaku, huonyesha nyama laini kwa uzuri, lakini umio liko kati ya moyo unaodunda na mapafu yanayopumua, na picha huvurugika kwa urahisi.

Sasa hiyo CT nyingine. Msidhani kuwa hospitali inarudia kipimo kwa kutoamini cha Arua. CT ya kwanza ilipigwa ili ugonjwa ujulikane. Hii itapigwa ili mwili wa mzee upimwe katika mkao uleule atakaolala nao kila siku chini ya mashine. Atalazwa kwenye meza bapa na ngumu, mikono juu ya kichwa, mgongo ukiwa umewekewa kitu cha kuuzuia usigeuke. Taa za leza zitamulika kifua, na pale zinapokutana mhudumu ataweka alama ndogo kwenye ngozi. Picha zitachukuliwa kwa mikato myembamba, mara nyingi ya milimita 3 au chini ya hapo, na dawa ya kung'arisha mishipa ya damu itaingizwa kwenye mkono ikiwa figo zake zinaruhusu. Kompyuta ya kupangia mionzi huihitaji CT hiyo hata kwa hesabu, maana kutokana nayo hujua mfupa uko wapi, hewa iko wapi na nyama iko wapi, kisha hukokotoa mionzi itapungua kiasi gani ikipita humo. Picha ya kwanza, hata ikiwa safi kiasi gani, ilipigwa kwenye meza yenye bonde na mikono mahali pengine. Mstari uliochorwa juu yake hautalingana na mwili uliolala chini ya mashine.

Nikueleze uchoraji wenyewe ulivyo, kwa sababu kaka yako ameuita kubahatisha. Nafungua mikato ya CT moja baada ya nyingine, kutoka shingoni kwenda tumboni. Kwanza natafuta gegedu la chini la zoloto, ambalo kwa makadirio liko kwenye sentimita 15 kutoka kwenye meno. Endoskopi inasema 27. Tofauti ni sentimita 12, na kwa mikato ya milimita 3 hiyo ni mikato 40. Nahesabu mikato 40 kushuka, naweka alama. Kisha naanza upya kwa njia ya pili: natafuta mkato ambao bomba la hewa linagawanyika, ulio karibu na sentimita 25, nashuka mikato 7, naweka alama nyingine. Alama mbili zikikaribiana, nina imani. Zikipishana kwa sentimita 2 au zaidi, kwa kuwa watu hawalingani kimo na mpira wa kamera hupinda ndani ya mwili, namrudia daktari wa endoskopi na kumwomba aniambie aliuona uvimbe juu au chini ya ule mdundo wa mshipa mkuu wa damu unaouegemea umio. Simu moja ya namna hiyo imenisaidia mara nyingi kuliko programu yoyote.

Baada ya hapo nafuata ukuta mkato kwa mkato. Narekebisha mwanga wa picha uwe ule wa kusomea nyama laini za kifua, kwa sababu kwenye mwanga wa kusomea mapafu uvimbe uleule huonekana una ukubwa mwingine. Natazama mahali mafuta membamba kati ya umio na mshipa mkuu yanapofutika, kwani hapo uvimbe umegusa jirani. Nautafuta mwisho wa chini wa uvimbe kwa bariamu: picha ya bariamu ikionyesha njia inapanuka tena nyuma ya moyo, usawa wa pingili fulani ya mgongo, naitafuta pingili hiyo kwenye CT. Pale ambapo bariamu inasema umekwisha na CT inasema ukuta bado mnene, kwa kawaida naufuata ule mrefu, isipokuwa niwe na sababu ya kuonyeshwa, si ya kudhani. Kazi hii kwa mgonjwa mmoja huchukua saa kadhaa, nayo haifanywi kwa haraka.

Huo ni mstari wa kwanza tu. Tume ya kimataifa ya vipimo vya mionzi, ICRU, katika ripoti yake nambari 50 ya mwaka 1993, iliweka utaratibu ambao wote tunaufuata: mstari wa kwanza unazunguka uvimbe unaoonekana, wa pili unaongeza eneo ambalo seli za saratani hujificha bila kuonekana, na wa tatu unaongeza nafasi ya kufidia mwili unaosogea na mkao unaotofautiana siku kwa siku. Kwa umio, mstari wa pili una umbo lake. Mishipa ya limfu katika ukuta wa umio hupanda na kushuka kwa urefu, kama maji kwenye mfereji, na seli hutambaa humo. Wataalamu waliopima maumio yaliyotolewa kwa upasuaji waligundua kwamba, kwa saratani ya seli bapa, sentimita 3 juu na 3 chini ya uvimbe unaoonekana hutosha kuwafunika wagonjwa zaidi ya 9 katika kila 10. Ndiyo sababu tunaongeza sentimita 3 hadi 4 kwa urefu, lakini kwa upana sentimita 1 hivi, tena tukiirudisha nyuma pale inapoingia kwenye moyo, pafu au mfupa wa mgongo bila sababu ya ugonjwa. Mstari wa tatu huongeza kati ya nusu sentimita na sentimita nzima kila upande.

Piga hesabu nami. Uvimbe ukichorwa sentimita 7, eneo la mionzi linakuwa 7 na 3 na 3, kisha 1 na 1: sentimita 15. Ukichorwa 10, linakuwa 18, na umio lote lina kama sentimita 25. Sentimita 3 zilizoongezeka hazipiti hewani. Zinapita kwenye moyo na mapafu ya mzee. Tunajilinda kwa viwango: uti wa mgongo usivuke grei 45 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi), sehemu ya mapafu inayopata grei 20 au zaidi isizidi takriban theluthi moja, moyo upate kidogo iwezekanavyo. Mchoraji akizidisha kwa woga, mzee atalipa kwa kikohozi na kuishiwa pumzi miezi baadaye. Akipunguza kwa kuogopa mapafu, saratani itarudi palepale kwenye ukingo wa mstari. Kwa hiyo umefanya vyema kuuliza juu ya tofauti ya 7 na 10.

Uzito wa mstari huo umeongezeka hapa kwetu katika miaka ya karibuni. Taasisi ya Saratani ya Uganda ipo Mulago tangu mwaka 1967, na kwa muda mrefu nchi nzima ilitegemea mashine moja ya mionzi, ya kobalti. Mwezi Januari 2018 ilizinduliwa mashine mpya ya kobalti kwa msaada wa Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki, na baadaye zikaja mashine za linak, zinazotengeneza mionzi kwa umeme. Zamani tulifungua dirisha pana la mionzi kwa kutazama mifupa kwenye eksirei, tukaacha hadi sentimita 5 juu na chini. Mchoro ukikosewa kidogo, upana wa dirisha uliufunika. Linak ya leo inaweza kuukumbatia uvimbe, kipimo kikashuka ghafla nje ya mstari. Hiyo ni neema kwa mapafu na moyo, lakini mashine haijui saratani ni nini. Inafuata mstari. Alichokiacha mchoraji nje, nayo inakiacha.

Kuna pia pumzi. Umio hupanda na kushuka na kiwambo, ule msuli wa kupumulia unaotenga kifua na tumbo, sehemu ya chini zaidi kuliko ya juu, na karibu na tumbo mwendo huo unaweza kufika sentimita 1 au kupita. Penye CT inayopiga picha katika hatua zote za kupumua, tunauchora uvimbe kila mahali unapofika. Isipokuwapo, tunaongeza nafasi kwenye mstari wa tatu, hasa upande wa chini. Uvimbe wa mzee uko katikati ya kifua, kwa hiyo mwendo wake huenda usiwe mkubwa, ila ncha ya chini hatujaiona na siwezi kuipuuza.

Sasa tezi. CT huziita kubwa zikizidi takriban sentimita 1 kwa upande mfupi, na hapa kwetu natoa tahadhari ambayo vitabu vya nchi za mbali huitaja kwa kupita tu. Tezi za kifua zinavimba kwa kifua kikuu, za zamani na za sasa, na zinavimba kwa watu wanaoishi na VVU, hata wasipokuwa na saratani yoyote. Na kinyume chake, tezi ya milimita 6 inaweza kuwa imejaa saratani. Ukubwa pekee hauhukumu. Naangalia umbo, idadi, kama katikati yake pameoza, na kama iko kwenye njia ambayo saratani ya umio hupitia: kando ya umio, chini ya mgawanyiko wa bomba la hewa, juu ya mfupa wa mtulinga, au nyuma ya tumbo kwenye mzizi wa mishipa ya damu. Mwambieni daktari bila kuficha kama mzee aliwahi kutibiwa kifua kikuu, hata kama ni miaka 20 iliyopita, na kama hajapima VVU, apimwe. Tezi inayofikika kwa sindano, hasa ya shingoni, itobolewe. Jibu la hadubini lina uzito kuliko picha zote.

Hapo tumefika Nairobi. PET hufanya kazi kwa glukosi iliyofungwa na florini yenye mionzi. Seli za saratani huila glukosi kwa pupa, zikang'aa kwenye picha. Florini hiyo hupoteza nusu ya nguvu yake kila dakika 110 hivi, ndiyo maana lazima itengenezwe karibu na mgonjwa, na ndiyo maana familia nyingi za Uganda huifuata Nairobi, kwenye hospitali zilizo na mtambo wa kuitengeneza. Faida yake kubwa kwa saratani ya umio ni kuonyesha ugonjwa uliokwisha safiri mbali, kwenye ini, kwenye mifupa, kwenye tezi ambazo CT haikuzishuku. Ikiuona, mpango wote hubadilika: mgonjwa hapitishwi kwenye wiki nyingi za mionzi mikali ambayo haiwezi kumponya, bali hupewa tiba fupi ya kumwezesha kumeza na kupunguza maumivu. Nimeona familia zikiokolewa na mateso hayo kwa picha moja, nami siidharau hata kidogo.

Lakini kwa swali lako la mpaka, kaka yako asiiwekee PET matumaini ambayo haiyabebi. Picha yake ni kama taa ndani ya ukungu: unaona mwanga uko wapi, ukingo wa mwanga huuoni. Ili upate ukingo, lazima mtu aamue ni kiwango gani cha mwanga kiitwe uvimbe. Wako wanaoanzia kiwango cha 2.5 kwenye kipimo cha mwanga huo, wako wanaochukua asilimia 40 ya mwanga mkali kuliko wote, na ncha ya uvimbe uleule huhama kwa kiwango unachochagua. Utando uliochubuka hung'aa. Kifua kikuu hung'aa vikali. Kwa hiyo hata tukiwa na PET, mstari bado unachorwa juu ya CT, kwa kushirikisha endoskopi, na PET huja kama shahidi wa nne.

Shauri langu ni hili. Kabla ng'ombe hawajatoka zizini, mwulizeni daktari wa mionzi swali moja: jibu la PET litabadilisha nini katika tiba ya baba? Akisema mzee ana nguvu, moyo na mapafu yanastahimili, lengo ni kuponya, na kuna kitu kwenye CT kinachomtia shaka ya ugonjwa kusafiri, basi safari ina maana. Akisema mpango utabaki uleule, fedha hizo zina kazi nyingine. Arua hadi Kampala ni karibu kilomita 500. Mzee hawezi kwenda na kurudi kila siku. Mionzi hutolewa Jumatatu hadi Ijumaa. Akiandaliwa kwa upasuaji, kipimo kinachotumika sana ni grei 41.4 kwa vipindi 23. Asipofanyiwa upasuaji, grei 50.4 kwa vipindi 28, yaani wiki 5 na siku 3, pamoja na tiba ya kemikali. Mahali pa kulala, chakula chake cha majimaji, mpira wa kulishia ukihitajika, na mtu wa kumsindikiza, hivyo vyote vinahitaji fedha. Nimeona zaidi ya mara moja mgonjwa akirudi na picha nzuri ya PET kisha akakatiza mionzi katikati kwa kukosa nauli, na hilo linanihuzunisha kuliko mgonjwa aliyekosa PET. Mkiamua kwenda, asikae wiki nyingi njiani, maana uvimbe hausubiri na picha huchakaa. Ombeni apigwe juu ya meza bapa mikono ikiwa juu, mrudi na diski yenye picha zote pamoja na ile karatasi ya ripoti. Kama ana kisukari, waelezeni mapema, kwa sababu sukari ikiwa juu kwenye damu picha haitoki vizuri.

Wengine huniuliza: kwa nini msiongeze tu mionzi ili hata mkikosea kidogo ifunike? Jambo hilo limejaribiwa. Jaribio kubwa la Marekani lililochapishwa mwaka 2002 lililinganisha grei 64.8 na grei 50.4, yote mawili pamoja na tiba ya kemikali, na waliopewa nyingi hawakuishi zaidi. Uholanzi walijaribu tena kwa grei 61.6, wakapata jibu linalofanana. Dozi haijazi pengo lililoachwa na mchoro.

Umeuliza ni nani anayeamua. Anayechora na kutia saini ni daktari wa tiba ya mionzi, lakini asichore peke yake. Miaka kadhaa iliyopita, katika hospitali niliyokuwa nikifanya kazi, nilichora uvimbe wa mama mmoja hadi mahali umio linapoingia tumboni, kwa sababu ukuta pale ulikuwa mnene waziwazi. Daktari wa radiolojia alipopita akanikalisha, akafungua picha ya pili iliyopigwa baada ya mama kunywa maji, na ule unene ulikuwa umetoweka. Mahali pale umio hujikunja, hufanana na uvimbe kwa watu wengi wasio na ugonjwa. Tulirudisha mstari juu kwa sentimita 4, na kipande kikubwa cha moyo na ini kikatoka kwenye mionzi. Tangu siku hiyo sikubali mchoro wangu uende kwa mwanafizikia kabla mwenzangu mmoja hajaupitia mkato kwa mkato. Mna haki ya kuuliza, kwa adabu, kama mchoro wa mzee umepitiwa na mtu wa pili, nanyi hamtamkosea heshima daktari kwa kuuliza hivyo.

Kwa sasa kusanyeni ripoti ya endoskopi, picha za bariamu na diski ya CT ya Arua, kila kimoja na tarehe yake. Ulizeni kama inawezekana kurudia endoskopi kwa mpira mwembamba zaidi, ule unaotumika kwa watoto. Ukipita, tutaijua ncha ya chini, na daktari anaweza kuacha klipu ndogo ya metali juu na chini ya uvimbe, ambayo kwenye CT hung'aa kama nukta nyeupe na kutuondolea kuhesabu mikato. Ikiwa mtu atapendekeza kumwekea stenti, yaani kibomba cha metali cha kupanua njia, ili ameze, azungumze kwanza na daktari wa mionzi, kwa sababu metali yake huvuruga picha, na ikiwekwa baada ya CT ya kupangia, umio litakuwa limebadilika umbo na kazi yote itaanza upya. Kumlisha kwa mpira mara nyingi ni njia bora kwa aliye na matumaini ya kupona.

Siku ya CT ya kupangia, fuateni maelekezo ya kufunga mtakayopewa, na kila siku ya mionzi ajitahidi kula kwa saa zilezile ili tumbo liwe na ukubwa uleule. Zile alama za kifuani, kama ni za wino na si za kuchanjwa, aoge kwa kumimina maji bila kuzisugua, na zikianza kufifia asizikoleze mwenyewe nyumbani. Amwambie mhudumu wa mashine asubuhi inayofuata.